Ludwig Guttmann: Tabibu Aliyeondoa Pazia

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Kila mwanafunzi wa Kiswahili huifahamu methali hii tangu shule ya msingi, na aghalabu hutumiwa kumkanya mtu anayemcheka mwenzake mwenye ulemavu. Hata hivyo, tukiitafakari kwa makini tutaona kuwa inatukataza kucheka tu. Haituelezi tutende nini baada ya kunyamaza.

Mwandishi wa makala haya alilelewa Subukia, katika bonde ambamo barabara itokayo Nakuru kuelekea Nyahururu huteremka kwa mizunguko mingi na kuukata mstari wa Ikweta. Uwanja wa shule yetu ulikuwa mteremko, na timu iliyoshambulia kuelekea chini ilikuwa na nafuu kubwa. Darasani mwetu alikuwamo mvulana aliyepooza miguu yote miwili kwa ugonjwa wa polio. Kila kipindi cha michezo kilipowadia, mwalimu alimketisha chini ya mti na kumkabidhi sweta na mikoba yetu ailinde. Hakuna aliyemcheka. Tulimpenda, tukamgawia miwa na mahindi ya kuchoma. Lakini kwa miaka minane hakuugusa mpira hata siku moja, na sote, walimu kwa wanafunzi, tuliamini kuwa tulikuwa tukimtendea wema.

Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha ya Ludwig Guttmann, tabibu aliyeutilia shaka wema wa namna hiyo na kuutumia umri wake wote kuonyesha kwamba mchezo ni haki na dawa kwa mtu mwenye ulemavu. Msomaji huenda akajiuliza Mjerumani huyo ana uhusiano gani na bonde letu. Jawabu litajitokeza hatua kwa hatua.

Utotoni na Ujanani

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji wa Tost, eneo la Silesia ya Juu, Ujerumani. Leo mji huo umo nchini Poland na huitwa Toszek. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Angali mtoto mdogo, jamaa yake ilihamia Königshütte, mji wa machimbo ya makaa ya mawe, na huko ndiko alikokulia.

Mnamo mwaka 1917, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, alijitolea kuhudumu katika hospitali iliyowatibu wachimbaji waliopatwa na ajali. Siku moja aliletwa mchimbaji kijana, mwenye kifua kipana na misuli imara, ambaye uti wake wa mgongo ulikuwa umevunjika. Guttmann alipoanza kuandika habari za mgonjwa huyo, tabibu mkuu alimwambia asijisumbue, kwa kuwa mtu yule angefariki baada ya majuma machache. Kitanda chake kilizungushiwa pazia ili wagonjwa wengine wasimwone. Majuma matano baadaye aliaga dunia, mwili ukiwa umejaa vidonda na damu ikiwa imeingiwa na sumu ya uambukizo.

Tukio hilo halikumtoka Guttmann moyoni. Kilichomkera ni kwamba kila mtu hospitalini alikubali kifo kile kabla hakijatokea. Mgonjwa hakuuawa na uti wa mgongo uliovunjika. Aliuawa na vidonda vya kulala kitandani bila kugeuzwa pamoja na maradhi ya njia ya mkojo, mambo ambayo mtu mwenye nia angeweza kuyazuia. Ila nani angejitaabisha kwa ajili ya mtu ambaye tayari alihesabiwa miongoni mwa wafu?

Alianza masomo ya udaktari mjini Breslau mwaka 1918, akayaendeleza Freiburg na kupata shahada yake mwaka 1924. Kisha alirejea Breslau, ambao leo ni mji wa Wrocław nchini Poland, akafunzwa kazi ya mishipa ya fahamu na Otfrid Foerster, aliyekuwa bingwa mashuhuri wa taaluma hiyo barani Ulaya.

Mateso na Uhamisho

Mwaka 1933 chama cha Nazi kilitwaa madaraka nchini Ujerumani. Madaktari Wayahudi walifukuzwa katika hospitali za umma, na Guttmann akalazimika kuhamia Hospitali ya Wayahudi mjini Breslau. Mwaka 1937 aliteuliwa kuwa mkuu wa matabibu hospitalini humo.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalichomwa moto na Wayahudi wakasakwa majumbani kote Ujerumani. Guttmann aliwaamuru wasaidizi wake wampokee kila mwanamume atakayebisha hodi hospitalini, bila kumuuliza chochote. Asubuhi iliyofuata polisi wa siri walifika kudai maelezo. Guttmann alizunguka nao kitanda hadi kitanda, akimtajia kila mtu ugonjwa, mwingine wa kweli na mwingine wa kubuni papo hapo. Kati ya watu 64 waliopokewa usiku ule, 60 waliokolewa wasipelekwe katika kambi za mateso.

Muda mfupi baadaye serikali hiyo hiyo iliyomnyima haki ilimtuma Ureno kumtibu rafiki wa mtawala Salazar, kwa kuwa ujuzi wake haukuwa na mfano. Alipokuwa akirejea alipitia London, ambako chama kilichowasaidia wasomi wakimbizi kilimwandalia kibali cha kuingia Uingereza. Tarehe 14 Machi 1939 aliwasili Oxford pamoja na mkewe Else na watoto wao wawili, Dennis na Eva. Hapo alipata kazi ya utafiti, lakini kwa miaka kadhaa hakuwa na wagonjwa wake mwenyewe. Alikuwa mgeni na mkimbizi katika nchi iliyokuwa vitani na taifa alikozaliwa.

Stoke Mandeville

Vita vilipopamba moto, serikali ya Uingereza ilijua kwamba shambulio kubwa dhidi ya majeshi ya Ujerumani barani lingeleta majeruhi wengi wa uti wa mgongo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi mno wa majeruhi wa aina hiyo walikufa katika muda mfupi. Guttmann aliombwa aanzishe kituo maalumu, naye akakubali kwa sharti kwamba aachwe aongoze kazi kwa njia yake mwenyewe. Kituo hicho kilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944 katika Hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury.

Njia yake ilikuwa sahili kuieleza ila ngumu kuitekeleza. Aliwavua wagonjwa plasta nzito zilizowafunga kiwiliwili. Aliagiza kila mmoja ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili damu ipite na ngozi isioze. Kibofu kilitunzwa kwa usafi wa hali ya juu. Guttmann mwenyewe alikuwa akiingia wodini usiku wa manane kuhakikisha kwamba amri yake imetekelezwa, na muuguzi aliyezembea alikiona cha mtema kuni. Hakuwa mtu mpole. Alikuwa mkali, mwenye kupenda kutii­wa, na si wote walioipenda sauti yake. Hata hivyo, wagonjwa walimpa jina la baba, kwa sababu waliokuwa wakingoja kufa walianza kuishi.

Hapo ndipo lilipozuka swali jipya. Je, mtu aliyeokolewa na mauti aokolewe kwa minajili ya nini? Iwapo atakaa dirishani maisha yake yote akitazama wengine wakipita, huenda pazia la Königshütte halijaondolewa bali limesogezwa tu. Guttmann alifungua karakana ambamo wagonjwa walijifunza useremala na kutengeneza saa, ili watakaporudi makwao wawe na kazi ya kuwalisha.

Kisha siku moja aliwaona wagonjwa wakiwa uani katika viti vyao vya magurudumu, wakikipiga kisahani huku na huko kwa mikongojo iliyopinduliwa. Mchezo huo ulikuwa wa fujo, na baada ya muda aliuondoa kwa kuhofia majeraha. Alichokishika ni fikra. Aliona mikono ikipata nguvu, mizani ya mwili ikirejea na, zaidi ya yote, nyuso zilizokuwa zimekufa zikianza kukasirika, kucheka na kutaka kushinda. Aliuweka mpira wa vikapu wa viti vya magurudumu pamoja na upigaji mishale katika ratiba ya matibabu. Mgonjwa hakuulizwa kama anapenda michezo, kama vile asivyoulizwa iwapo anapenda vidonge.

Upigaji mishale ulikuwa na sifa ya pekee. Upinde huvutwa kwa mikono, mabega na mgongo wa juu. Kwa hivyo aliyeketi kitini anaweza kushindana na aliyesimama pasi na kuhurumiwa kwa alama hata moja. Ukweli huo ulidhihirika miaka minne baada ya Guttmann kufariki, pale Neroli Fairhall wa New Zealand alipopiga mishale akiwa katika kiti cha magurudumu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, pamoja na wapigaji waliosimama.

Mishale ya Mwaka 1948

Tarehe 29 Julai 1948 Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa jijini London. Siku iyo hiyo, katika uwanja wa nyasi wa Stoke Mandeville, Guttmann aliandaa mashindano ya kupiga mishale. Washiriki walikuwa 16 tu, wanaume 14 na wanawake wawili, wote wakiwa askari waliojeruhiwa. Siku hiyo ilichaguliwa kwa makusudi.

Michezo hiyo iliendelea kila mwaka. Mwaka 1952 walifika wachezaji kutoka Uholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1956 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitunuku michezo ya Stoke Mandeville Kombe la Fearnley, kwa kutambua mchango wake katika maadili ya Olimpiki. Hatimaye, mwezi Septemba 1960, siku chache baada ya Olimpiki za Roma kumalizika, wachezaji wapatao 400 kutoka nchi 23 walishindana katika jiji hilo hilo. Michezo hiyo ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Jina lenyewe lilikuja kukubaliwa rasmi baadaye sana.

Mambo hayakuwa shwari Roma. Majengo waliyopangiwa wachezaji yalikuwa na ngazi, ikawabidi askari wa Italia kuwabeba wachezaji pamoja na viti vyao kupanda na kushuka. Miongoni mwa waliobebwa alikuwamo mwalimu Mwingereza, Margaret Maughan, aliyekuwa ameumia uti wa mgongo katika ajali ya barabarani mwaka 1959 nchini Malawi, iliyoitwa Nyasaland enzi hizo. Mwaka mmoja tu baada ya ajali, alijishindia dhahabu katika upigaji mishale. Mwaka 2012 michezo hiyo iliporejea Uingereza, yeye ndiye aliyeuwasha mwenge mkuu jijini London.

Kutoka Heidelberg hadi Arnhem

Guttmann alipewa hadhi ya Sir mwaka 1966, na mwaka 1969 Malkia Elizabeth wa Pili aliufungua uwanja wa michezo uliojengwa Stoke Mandeville kwa juhudi zake. Lakini milango aliyoibisha haikufunguka yote. Jiji la Mexico lilikataa kuandaa michezo ya mwaka 1968, ikapelekwa Tel Aviv. Mwaka 1972, ingawa Olimpiki zilifanyika Munich, michezo ya watu wenye ulemavu ilihamishiwa Heidelberg. Ni huko Heidelberg ambako Kenya na Uganda zilishiriki kwa mara ya kwanza.

Uadilifu unatutaka tuitaje kasoro yake pia. Kwa miaka mingi michezo yake iliwapokea tu waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo. Vipofu na waliokatwa viungo walingoja hadi michezo ya Toronto mwaka 1976. Katika michezo iyo hiyo lilizuka suala la Afrika Kusini. Guttmann alishikilia kuwa siasa isiingizwe michezoni, na kwamba Afrika Kusini iruhusiwe madhali timu yake ilikuwa na weusi na weupe. Mataifa kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo, yalijiondoa kwa kuupinga ubaguzi wa rangi. Ni ajabu kwamba mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya ukoo wake hakuona ni kwa nini Mwafrika asingekubali timu moja iliyochanganywa iwe kisingizio cha nchi nzima iliyotenganishwa. Pengine aliwafikiria wachezaji wenyewe, ambao kwao kila mlango uliofungwa ulikuwa pazia jingine. Tunaweza kumwelewa bila kukubaliana naye.

Alifariki tarehe 18 Machi 1980. Miezi michache baadaye michezo ilifanyika Arnhem, Uholanzi, baada ya Moscow kukataa kuiandaa. Afrika Kusini haikuruhusiwa, na Kenya ikarejea. Ilipofika mwaka 1988 jijini Seoul, wachezaji wa Paralimpiki walivitumia viwanja vile vile vilivyotumiwa na wenzao wa Olimpiki.

Funzo kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Sisi tunaojishughulisha na lugha tuna pazia letu la kuondoa. Tazama nomino kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Zote kwa umbo zimo katika ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti na kikombe, ijapokuwa upatanisho wa kisarufi huzirudisha kwa watu: kipofu amefika, wala si kipofu kimefika. Wapo wanaoshikilia kuwa umbo hilo ni ajali ya lugha tu, maana kijana na kiongozi pia wamo humo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kumwita binadamu kwa jina la kiungo kilichopungua ni kumtanguliza upungufu wake mbele ya utu wake, na ndiyo sababu istilahi watu wenye ulemavu imeshika mizizi. Guttmann hakuwa mwanaisimu, lakini angeliafiki hili. Wagonjwa wake walipoitwa wapigaji mishale, wauguzi walianza kuwasemesha kwa namna tofauti.

Kwa upande wa matendo, mfano haukosekani nchini mwetu. Henry Wanyoike alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana. Mwaka 2000 huko Sydney alishinda dhahabu katika mbio za mita 5,000 huku akimkokota kiongozi wake, aliyekuwa mgonjwa na aliyeishiwa nguvu kabla ya utepe. Taifa zima lilishangilia. Lakini medali ya mtu mmoja haimwondoi mtoto chini ya mti. Guttmann alianzia wodini wala si jukwaani, na sisi hatuna budi kuanzia katika kipindi cha michezo cha shule ya kijijini.

Gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Voliboli ya kuketi, iliyoanza Uholanzi katika miaka ya 1950, huchezwa katika kiwanja cha mita 10 kwa 6, na wavu wake huwekwa kwenye kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake. Hata katika miteremko ya Subukia ambako kiti cha magurudumu hukwama matopeni mwezi wa Aprili, hakikosekani kipande tambarare cha ukubwa huo. Mchezo huo hauhitaji kiti. Kanuni ni makalio yasiinuke ardhini wakati wa kuupiga mpira. Goliboli, iliyobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, huhitaji mpira wenye kengele ndani na vitambaa vya kufunika macho ya wachezaji wote ili pasiwe na mwenye nafuu. Mkimbiaji asiyeona huhitaji mwenzake na kipande cha kamba cha kushikana mkononi. Zaidi ya vifaa hivyo, panahitajika mwalimu atakayeketi chini kwanza.

Hilo la kuketi chini lina maana yake. Katika voliboli ya kuketi, wanafunzi wenye miguu mizima wangelazimika kucheza kwa kanuni za yule mvulana wetu. Yeye aliyezoea kutambaa kwa mikono tangu utotoni angekuwa mwepesi kuliko sote. Tungeshindwa naye, tungeudhika, tungedai mchezo urudiwe. Huo ndio ungekuwa urafiki wa kweli, wala si ule wa kumgawia muwa.

Subukia ni mahali pa hija. Maelfu ya waumini hupanda kilima kuelekea kituo cha Bikira Maria na chemchemi yake, na miongoni mwao wamo wagonjwa na watu wenye ulemavu wanaosukumwa au kubebwa mgongoni na jamaa zao. Mtu anayeona mapenzi hayo hawezi kusema kuwa bonde letu limekosa huruma. Lakini huruma hiyo inapofika kwenye uwanja wa shule husimama pembeni na kukabidhi mikoba.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu heshima, elimu na nafasi ya kufikia mahali pote. Sheria tunayo. Miongoni mwetu tunaosoma jarida hili, wengi watakuwa walimu katika shule za Subukia, Bahati, Njoro, Molo na kwingineko. Kipindi cha michezo kitakapowadia, kila mmoja wetu atamkuta mtoto fulani amekwisha kuketi chini ya mti bila kuambiwa, kwa kuwa amezoea. Basi mikoba na iachwe ijilinde yenyewe.